Filimbi ya Babu Kwenye Stoo ya Mipira

9 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Na umpe Bibi shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako anasoma juu ya bega.

Sisi wote wazima. Mama amehamishiwa zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha mikate, kwa hiyo nyumba nzima inaamshwa na saa yake hata sisi tusiooka kitu. Baba bado anafundisha watu kuendesha gari. Jana tulipokuwa mezani mdogo wangu alivuta jagi ghafla na Baba akakanyaga breki chini ya meza. Mguu wake ukanipata mimi.

Nakuandikia kwa sababu huna simu, na kukupigia wewe ni kumpigia jirani yako. Mara ya mwisho nilikuuliza hali mara nne, na kila mara aliyejibu ni yule mama jirani mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Nimechaguliwa kuwa msuluhishi. Mwaka huu shuleni kwetu wanafunzi wakigombana hawapelekwi moja kwa moja kwa mwalimu, wanaletwa kwanza kwa wanafunzi wenzao. Tuko wanane, tumefundishwa siku tatu, na tumepewa vizibao vya kijani. Changu kinanifika magotini. Tunakaa kwenye stoo ya mipira, kati ya nyavu na mipira iliyoishiwa upepo. Mwalimu wetu mlezi, ambaye tunamwita Polepole kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia hata mvua ikinyesha, anasema wagomvi wasikalishwe wakitazamana kama majogoo. Wanakaa benchi moja, wanatazama ukuta mmoja.

Kwanza kila mmoja anaitwa peke yake. Halafu wanakaa pamoja. Mmoja anasema, na mwenzake haruhusiwi kujibu mpaka kwanza arudie alichosikia, na aliyesema akubali kwa kutamka "umenisikia". Akisema "bado", mwenzake anarudia tena. Yanayosemwa stoo yanabaki stoo.

Ninapokwama ni hapa, Babu: sisi hatuamui. Hatuulizi nani kaanza na hatusemi nani ana kosa. Sasa kazi yetu ni nini? Wewe umekuwa refa miaka ishirini na miwili. Nisaidie.

Jambo la pili. Kwenye ile picha uliyomtumia Mama, nywele za nyuma ya kichwa chako zina mabonde. Kwa nini unavuka mji mzima kwenda kwa yule kinyozi asiyeona vizuri, na kibanda cha kunyolea cha mdogo wako, Babu Mdogo, kiko mtaani kwako?

Mjukuu wako


20 Februari

Mheshimiwa Msuluhishi,

Marahaba, na hongera. Bibi yako hakusoma juu ya bega, aliichukua barua mkononi kabisa na mimi nikasoma juu ya bega lake. Anasema mke mwenzie siku hizi umekuwa mkubwa, unaandika barua kwa mume wake bila hata kumletea yeye mstari.

Tuko salama. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Paa la jikoni limezibwa, limevuja pembeni, limezibwa tena. Nimestaafu kusoma mita za maji miaka sita sasa, lakini nikipita mtaani bado jicho langu linakwenda ukutani lenyewe kutafuta namba. Juzi mwenye nyumba mmoja alinikuta nimechuchumaa mbele ya mita yake na akanikaribisha maji.

Sasa nikwambie kuhusu kazi yako. Huyo mwalimu wenu ni mtu mwema, na watu wema ndio wanaoharibu mechi. Refa akiwasikiliza wachezaji wote mpaka kila mmoja aseme "umenisikia", mechi ya Jumapili itaisha Alhamisi. Uwanjani unaona, unapuliza, unaonyesha kwa mkono, basi. Atakayelalamika mwonyeshe kadi. Watu hawakupendi, lakini mchezo unaendelea.

Na kosa lina dalili zake. Asiye na kosa hupiga kelele. Mwenye kosa hunyamaza na kuangalia viatu vyake. Ukiona mtu anaangalia viatu, puliza.

Ndani ya bahasha hii kuna filimbi yangu. Ni ya shaba, na kamba yake aliisuka Bibi yako. Nimeipuliza miaka yote ile na haijawahi kunigeuka. Itumie.

Suala la nywele nimeliona. Karatasi imekwisha.

Babu yako


11 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Bibi simsahau, na mstari wake ndio huu: Shikamoo Bibi, huyo mume wetu anakula vizuri?

Mama hajambo, Baba hajambo, ila mwanafunzi wake mmoja amegonga pipa la taka lilelile mara mbili. Anasema lilimfuata.

Filimbi ilifika salama na imefanya kazi. Wiki ya kwanza niliificha mfukoni kwa sababu Polepole asingeipenda. Nilisuluhisha kwa njia yao. Wavulana wawili wa darasa la tatu walipigania nafasi ya mstari wa mbele, wakarudia maneno ya wenzao mpaka wakasahau walichokuwa wanagombania, wakaondoka wakiwa marafiki na mimi nikabaki nimechelewa hesabu. Kila siku hivyo.

Halafu Jumatano ikaja kesi kubwa. Ni rafiki zangu wawili. Mmoja tunamwita Twiga, ni mrefu na anachora kuliko mtu yeyote shuleni. Mwingine ni Redio, ambaye hazimwi. Mwalimu akigeuka ubaoni Redio anaanza kutangaza. Twiga alichora picha ya bibi yake kwa rangi za maji, wiki tatu anaichora, ikabandikwa ukutani darasani kungoja maonyesho. Jumanne baada ya mapumziko ikakutwa juu ya meza ya mwalimu imevurugika rangi, uso wote umekuwa bluu. Na sweta ya Redio ilikuwa na doa la bluu kifuani, kubwa kama kiganja.

Nilitakiwa kumwita kila mmoja peke yake kwanza, lakini zilikuwa zimebaki dakika saba kengele ilie. Nikawakalisha wote wawili. Twiga akaeleza huku analia. Ilipofika zamu ya Redio, hakusema kitu. Redio, Babu, asiyenyamaza hata akiwa na kwikwi. Aliangalia viatu.

Nikakukumbuka. Nikatoa filimbi, nikapuliza. Nikasema: kosa ni lako, umwombe msamaha. Wasuluhishi wengine walikuwa mlangoni na walisikia wote, na kufika mchana darasa zima lilijua. Redio akasema samahani, akatoka.

Dakika nne tu, Babu. Twiga alinikumbatia. Nafikiri nimefanya vizuri. Ila Redio amehamia dawati la nyuma, na huku kwangu kumekuwa kimya sana.

Mjukuu wako


19 Machi

Mheshimiwa,

Marahaba. Mume wenu anakula vizuri, anasema Bibi yako, na anakula hata visivyo vyake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Dakika nne. Nimewasomea wazee wenzangu pale tunapochezea karata na mmoja akasema damu haipotei. Hao marafiki watarudi tu. Refa hatafuti kupendwa na akishapuliza haangalii nyuma, maana akiangalia nyuma mara moja, kuanzia hapo kila mtu atamvuta shati. Uamuzi mbaya uliosimamiwa ni bora kuliko uamuzi mzuri unaotikisika. Hilo niliwafundisha marefa vijana na sasa nakufundisha wewe.

Nimenyolewa jana. Kinyozi wangu aliniambia nisitikisike, kisha akapiga chafya. Bibi yako ameniamuru nivae kofia mpaka mwisho wa mwezi.

Babu yako


2 Aprili

Babu,

Shikamoo wewe na Bibi. Sisi hatujambo. Leo siandiki mengi.

Tulikosea.

Jana yule mama anayefanya usafi shuleni alikuja kusimamia fundi wa dirisha la darasa letu, lile lenye kioo kilichovunjika. Akawa anamsimulia fundi jinsi mvua ya Jumanne ile ilivyoingia ndani. Akasema asingekuwepo yule msichana mwenye maneno mengi picha zote zingelowa, kwa sababu alimwona kwa macho yake akizibandua moja moja na kuziweka juu ya meza ya mwalimu, akizifunika kwa kitambaa. Sisi tulidhani mwalimu ndiye aliyezihamisha. Picha ya Twiga ilikuwa karibu zaidi na dirisha. Ilishalowa alipoifikia, na aliikumbatia ili kuikinga. Lile doa limetoka hapo.

Nilimfuata Redio nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia jambo moja, kwamba angesema hivyo wangemuuliza alikuwa anafanya nini darasani peke yake wakati wa mapumziko. Alichokuwa anafanya ni siri yake na siwezi kukuandikia. Si kitu kibaya. Angeniambia siku ileile kama ningemwita peke yake kwanza. Zilikuwa dakika saba, Babu, na zingetosha.

Haongei na mimi tena. Haongei na mtu yeyote. Mwalimu wa sayansi amemuuliza kama anaumwa. Mimi ndiye niliyemzima.

Nina swali moja tu. Wewe ulishawahi kupuliza vibaya? Ulifanyaje?

Mjukuu wako


10 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tunashukuru tunaamka. Mvua huku imekuja kwa wingi na paa la jikoni limefungua tawi jipya, sasa linavuja juu ya kabati. Fundi amepanda, ameshuka, amesema tatizo si paa bali ni ukuta. Goti linaendelea. Jirani amenunua mbwa ambaye anaogopa watu. Wale wazee wa karata wamegombana kuhusu nani aliichafua karata ya mfalme, tukaamua tucheze bila hiyo.

Kuhusu shule, soma kwa bidii. Mitihani iko karibu.

Bibi anakusalimia. Anasema pia niandike kwamba yeye hakubaliani na barua hii, lakini hataki kusema kwa nini.

Babu yako


25 Aprili

Babu,

Shikamoo. Pole kwa kabati. Mama anasema muweke beseni juu yake.

Hukunijibu. Nimesoma barua yako mbele na nyuma, nikaiangalia hata kwenye mwanga, hakuna jibu.

Wiki iliyopita nilimpelekea Polepole kizibao changu nimekikunja vizuri. Nikamwambia yote, pamoja na filimbi. Sikumwambia imetoka kwa nani. Hakukasirika, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema kizibao atakiweka, lakini kujiuzulu si kuomba radhi. Kama nimemkosea mtu, benchi lipo, niende nikakae upande wa wagomvi kama mtoto mwingine yeyote. Nimeomba iwe baada ya likizo. Redio bado hajakubali.

Naogopa, Babu. Naogopa kuliko mtihani. Atasema mbele yangu nilichomfanyia na mimi nitatakiwa kukirudia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Juzi mezani nilisema kwa sauti kwamba Babu hataki kuniambia kama aliwahi kukosea uwanjani. Baba akacheka, akasema, "Muulize penalti ya babu yako mdogo." Mama akamkanyaga chini ya meza. Safari hii breki ilikanyagwa na mtu mwingine. Nilipouliza tena Baba akasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikamwambia amesema nusu tu. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Akasema ndiyo, lakini yeye amelima miaka ishirini na sita na kapu limeliwa na panya.

Babu, nyinyi wawili mmegombana? Ndiyo maana ya mabonde?

Nijibu kabla sijaenda kukaa benchi. Tafadhali.

Mjukuu wako


30 Mei

Babu,

Shikamoo. Shikamoo Bibi.

Mwezi mzima umepita. Mama alipiga simu kwa jirani, akaambiwa mko wazima na paa pia. Basi najua barua ilifika. Sijakasirika sana. Nimekasirika kiasi.

Nilikwenda benchi bila jibu lako. Aliyetusuluhisha ni msichana wa darasa la tano, mdogo kuliko mimi, ana pengo mbele na kizibao kinamfika kwenye viatu. Alimwita Redio peke yake kwanza. Walikaa huko muda mrefu na mimi nikasimama nje nikihesabu matofali. Halafu tukakaa wote, tukatazama ukuta.

Redio akasema, "Hukuniuliza. Ulipuliza tu."

Nikasema, unasema sikukuuliza, nilipuliza tu. Akasema bado. Nikafikiri, nikasema, unasema ungenieleza kama ningekupa nafasi. Akasema bado. Nilitaka kulia, na yule wa pengo akaniangalia kama daktari, akasema hakuna haraka. Nikamfikiria Redio kweli, sio mimi, yeye. Nikasema, "Unasema tumekaa dawati moja tangu darasa la pili, na siku ile mimi niliangalia doa, sikukuangalia wewe."

Akasema, "Sasa umenisikia."

Babu, sijui nikuelezeje. Ni kama mtu amekutua mzigo, na aliyekutua ni yuleyule uliyemtwika. Zamu yangu ilipofika sikuwa na la kujitetea. Nilisema naomba unisamehe tu, naye akalirudia bila kukosea, akiongeza kwamba nilisema kwa sauti mbaya kama ya mbuzi. Hapo nikajua redio imewaka.

Kwa kuwa nilimhukumu darasa likisikia, nilisimama darasani nikaifuta hukumu darasa likisikia. Twiga alilia upya, maana alishamtukana Redio. Sasa anachora picha mpya, Redio anamshikia maji ya rangi na kumweleza anavyokosea. Mapumziko mimi na Redio tunabaki darasani tunasoma vitabu kwa sauti, zamu kwa zamu, ukurasa kwa ukurasa. Mwanzo alikuwa anasoma polepole sana. Tukiulizwa, tunasema mimi ndiye ninayependa kusoma kwa sauti.

Polepole amenirudishia kizibao. Mimi nakurudishia filimbi. Ni nzuri na haina kosa, ila stoo ni ndogo na sauti yake ni kubwa, haimwachii mtu mwingine nafasi ya kusema.

Sitakuuliza tena kuhusu penalti. Hilo ni la stoo yako. Nataka tu ujue kwamba kukaa kwenye lile benchi kunatisha mpaka unapokaa.

Mjukuu wako anayekupenda


21 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba mara mbili, kwa barua mbili. Bibi hajambo. Paa halijambo, lilikuwa ukuta kweli. Filimbi imefika.

Nilikuandikia barua nne nikazichana zote. Bibi yako alikuwa anaokota vipande, na nimegundua alikuwa anaviunganisha. Hii ya tano ameniambia nikiichana atakuandikia yeye.

Uliniuliza kama nimewahi kupuliza vibaya. Ndiyo. Ilikuwa fainali ya kombe la mji, miaka ishirini na sita iliyopita. Babu yako mdogo alikuwa beki wa timu ya mtaa wetu. Zimebaki dakika mbili, hakuna bao, mpira ukapigwa kuelekea langoni kwao naye akauzuia. Kulikuwa na vumbi na mchezaji mmoja alipita katikati yetu. Sikuona. Watu upande wa pili wakapiga kelele, mkono, mkono. Nikapuliza, penalti, wakafungwa, kombe likaenda. Yeye akaapa mbele ya uwanja mzima kwamba mpira ulimgonga kifuani. Mtaa ukamwamini. Mimi nikaitwa mwizi wa kombe, na watoto wakanipa jina la Penalti. Sikugeuka nyuma. Sikumweleza, sikumwuliza, na yeye hakukanyaga kwangu. Kibanda chake kiko hatua mia mbili na kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu. Nimezihesabu kwa sababu nilikuwa nazikwepa.

Ninayoyaandika sasa sijawahi kumwambia mtu hata Bibi yako, ingawa inaelekea anayajua. Angekuwa beki mwingine, ningeacha mchezo uendelee. Nilipuliza kwa sababu alikuwa ndugu yangu. Niliogopa kuambiwa nampendelea.

Alhamisi nilioga, nikavua kofia, nikazitembea zile hatua. Aliniona kwenye kioo nikiingia. Mashine ikasimama juu ya kichwa cha mteja, na yule mteja alikaa na nusu ya nywele bila kuthubutu kuuliza. Nilingoja zamu yangu kwenye benchi. Ilipofika alikung'uta kiti muda mrefu kuliko kilivyohitaji, akasema, "Unanyoa au umepotea?" Nikasema nanyoa. Akanifunga kitambaa shingoni. Alipoona kisogo changu akaguna, akasema aliyenifanyia hivi ashitakiwe.

Mwalimu wenu angefurahi. Kwa kinyozi huwezi kutazamana. Tulikuwa wote wawili tunatazama kioo kimoja.

Nikamwambia kuna sheria, mjukuu wetu kanifundisha. Nikamweleza. Akasema yeye na mkasi wake hawana haraka, nianze.

Nikasema, "Siku ile sikuona. Nilipuliza kwa sababu ni wewe." Akanyoa kidogo, akasema, unasema hukuona. Nikasema bado. Akanyoa tena. Akasema, unasema ulijali maneno ya watu. Nikasema bado. Nywele zilikuwa zinaanguka na mimi nasubiri. Mwishowe akasema, "Unasema uliniadhibu kwa kuwa ndugu yako." Nikasema umenisikia. Sauti ilitoka mbaya. Sasa najua ile ya mbuzi.

Ikawa zamu yake. Mkasi ukanyamaza. Aliniangalia kwenye kioo, akauinua mkono wake wa kulia, akagusa kwa ncha ya mkasi hapa, chini ya kiwiko. Akasema, "Mpira uligusa, kaka."

Nilikasirika, mjukuu wangu, sikufichi. Miaka ishirini na sita nimekuwa mwizi kwa kosa ambalo sikuliona lakini lilikuwepo. Nilitaka kusimama na kitambaa changu shingoni niondoke. Lakini sheria ni sheria, zamu yangu ilikuwa kurudia, si kujibu. Nikasema, unasema uligusa. Akasema bado. Nikasema, unasema uliogopa wenzako wangekulaumu kwa kukosa kombe. Akasema bado. Nikasema, "Unasema uligusa, ukaniacha niitwe mwizi, na kila ulipotaka kuja kuniambia miaka ilikuwa imezidi."

Akasema, "Umenisikia, kaka."

Aliyeanza kucheka simjui. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anangoja akatoka nje. Halafu hatukuwa tunacheka tena. Halafu akamaliza kuninyoa.

Filimbi nimemwachia, ameitundika kwenye msumari kando ya kioo. Nilikufundisha vibaya, na uliyemkosea kwa ajili yangu nisalimie.

Nilipofika nyumbani Bibi yako alikuwa anakunja nguo. Alinitazama kichwa mbele, akaniambia nigeuke, akatazama nyuma. Hakukuwa na bonde hata moja. Hakuuliza aliyeninyoa ni nani. Alinipapasa kisogo, akakaa kitako juu ya nguo alizokwisha kukunja, akalia. Halafu akajifuta kwa shati langu safi, akaniuliza kapu lake la kuvunia nimeliweka wapi.

Babu yako